Nyundo Niliyoiuza kwa Kilo

Watu wanaopita nje ya ukuta wangu hapa Mbezi Beach siku za Jumamosi husikia nyundo ikigonga chuma, na wengi hudhani nimemleta fundi wa kutengeneza geti. Si geti. Ni mimi mwenyewe, mtunza hesabu mstaafu mwenye miaka zaidi ya sabini, nikifua kisu. Sifui kwa ajili ya biashara, wala hakuna shida inayonilazimisha. Ninafua kwa kupenda tu, kama vile wenzangu wa rika langu wanavyocheza bao au kufuga kanga. Lakini, ndugu msomaji, burudani hii imenifikisha mahali ambapo sikutazamia kufika. Imenifikisha kwenye historia ya nchi yetu, na imenirudisha kwenye kosa langu moja ambalo siwezi kulisahihisha.

Nianze na kosa, kwa sababu bila kosa hilo hata hiyo historia nisingeitafuta.

Nilizaliwa mwaka 1951 huko Ugweno, Upare ya Kaskazini, katika ukoo wa Washana, ambao ni ukoo wa wahunzi. Babu yangu mzaa baba alikuwa na kibanda cha kufulia chuma katikati ya migomba, mbali kidogo na nyumba. Kilikuwa kibanda kidogo chenye paa la chini, na ndani yake mlikuwa giza mchana kutwa. Humo alikuwa na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, jiwe kubwa lililokuwa fuawe yake, koleo mbili tatu, na nyundo ambayo mpini wake ulikuwa umelika mahali pa vidole vyake. Kazi yangu nilipokuwa mtoto ilikuwa kuvukuta. Mkono wa kulia unapanda, wa kushoto unashuka, na ole wako ukikosea mwendo, kwani moto ukipumua ovyo babu alikuwa anajua bila hata kugeuka.

Nilipoingia shule ya kati wenzangu wakaja kujua kazi ya kwetu, wakaanza kuniita mtoto wa masizi. Likizo iliyofuata babu aliponiita nikavukute, nilimwambia kwamba nina masomo. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mjukuu wangu. Soma." Hakuniita tena. Alifariki mwaka 1969, nami nikiwa mbali shuleni. Baba yangu alikuwa karani na hakuwa na haja ya nyundo. Kwa hiyo nyundo ile, pamoja na kisu kimoja alichokifua babu, vikaja kwangu kwa sababu tu hapakuwa na mwingine aliyevitaka.

Nikavibeba kila nilipohamishwa kikazi, na nilipojenga hapa Mbezi Beach vikaingia stoo. Mwaka 2006 tulikuwa tunasafisha stoo hiyo kwa ajili ya shughuli ya kumwoza binti yangu. Akapita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake na mizani yake. Nikampa mabati yaliyotoboka, rejeta bovu, fremu ya baiskeli, na katika lundo hilo ikaenda nyundo ya babu pamoja na kisu chake kilichokuwa kimeshika kutu. Vikapimwa kwa kilo. Fedha nilizopewa nilinunulia soda za wageni. Sikuhuzunika siku ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Miaka saba ikapita, nikastaafu. Siku moja mjukuu wangu akanionyesha katika simu yake picha za mzee mmoja wa Kimarekani akifua kisu uani kwake, akiwa na fuawe ya chuma na tanuri la gesi. Kijana alikuwa ameduwaa. "Babu, huyu mzungu anatengeneza kisu mwenyewe tangu mwanzo! Sisi hatuna watu kama hawa?"

Nilikosa jibu. Nikasema nasikia usingizi, nikaenda chumbani.

Juma lililofuata nilikwenda Gerezani, nyuma ya Kariakoo, ambako mafundi wanatengeneza majiko, masanduku ya bati, patasi na vitu vingine vingi katika kelele ambayo mgeni hawezi kuistahimili. Nikamtafuta fundi anayefua, nikamkuta kijana wa miaka thelathini hivi. Moto wake ulikuwa wa makaa, na upepo ulitoka katika feni ndogo iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Aliposikia kwamba nataka kujifunza alicheka, kisha akaona sitanii. "Shikamoo mzee," akasema upya, kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Akanivutia kigoda.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuchagua chuma. Si kila chuma hufaa kwa kisu. Nondo ya kujengea nyumba ni laini mno kwa kazi hiyo. Hata ukiinoa kutwa, makali yake hayadumu. Kinachotofautisha ni kaboni, kitu kilekile kilichomo katika makaa. Chuma kisicho nayo hupinda, na chenye kaboni nyingi mno, kama kile cha kumimina kwenye kalibu, huvunjika kama kigae. Katikati yake, penye kaboni ambayo haifiki hata sehemu moja katika mia, ndipo ilipo pua. Springi ya lori, ile ya majani, ina kaboni karibu sehemu sita katika elfu moja, na kwa hiyo ni pua nzuri. Kiswahili kilikuwa na majina ya vyuma hivi kabla lori la kwanza halijafika pwani yetu. Pua ni neno la zamani, na feleji nalo ni jina la chuma bora cha panga. Watu hawatoi majina mawili kwa kitu wasichokijua.

Kisu changu cha kwanza nilikifua kwa siku tatu. Mikono iliota malengelenge, na jirani yangu alikuja getini kuniomba kwa adabu niache kugonga wakati wa ibada ya Jumapili. Nilipofika kwenye kukitia ugumu, nilikipasha moto, nikakitumbukiza katika ndoo ya maji. Kikalia "ta!" kama bisi, na nilipokitoa kilikuwa na ufa kuanzia kwenye makali mpaka mgongoni. Nikakipeleka Gerezani kimefungwa gazetini kama maiti.

Fundi alikitazama. "Mzee, springi haipozwi kwa maji. Tumia mafuta, tena yapashe kidogo. Halafu ulikipasha moto wapi?"

"Uani."

"Juani?"

"Juani."

Akatikisa kichwa. "Chuma hakitazamwi juani, mzee. Jua linakudanganya rangi. Unadhani bado, kumbe umeshapitiliza. Jenga kibanda chenye giza."

Nilisimama pale katika kelele za Gerezani nikaona kibanda cha babu. Maisha yangu yote nilidhani giza lile lilikuwa umaskini tu, ukosefu wa madirisha, au hofu ya wachawi. Kumbe lilikuwa chombo cha kazi kama nyundo na koleo. Babu hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na macho na giza. Chuma kikiwa chekundu kama pilipili iliyoiva bado hakijafika. Kikianza kuelekea rangi ya embe bivu, hapo ndipo. Sasa nina sumaku ya spika mbovu ya kunisaidia, kwa maana pua ikifikia joto la nyuzi 770 hivi za sentigredi huacha kuvutwa na sumaku, na ukiongeza kidogo tu iko tayari kupozwa. Babu alijua hayo kwa kutazama. Mimi nilivukuta pembeni yake miaka mitano, nikijibanza kuukwepa moshi, na sikuwahi kumwuliza anaangalia nini.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma. Nilianza na swali la mjukuu wangu, kama kweli sisi hatuna watu kama wale.

Mwaka 1976 yalitokea mambo mawili ambayo nadhani hakuna aliyeyaweka pamoja wakati huo. Huko Marekani kilianzishwa chama cha wafua visu kwa mkono, American Bladesmith Society. Kiongozi wake alikuwa Bill Moran, ambaye miaka mitatu nyuma, mwaka 1973, aliwashangaza wenzake kwa kuonyesha visu alivyovifua kwa kuunganisha matabaka ya vyuma mbalimbali, ufundi ambao wengi nchini mwake walidhani umekwisha kupotea. Hobi ya yule mzee wa kwenye simu ina chimbuko lake hapo.

Mwaka huohuo, Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee wa Kihaya walijenga tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma kwa ombi la mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt. Walikuwa wamefanya kazi ile ujanani mwao, na ilikuwa imepita kama nusu karne tangu waiache. Walijenga kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto. Katika shimo la chini wakachoma matete ya bwawani mpaka yakawa makaa, ili kaboni yake iingie katika chuma. Mirija ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto waliiingiza ndani kabisa ya tanuri. Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, walipochapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la Science, walieleza kwamba upepo ule ulipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kuingia katika makaa, na kwamba tanuri lilipanda hadi zaidi ya nyuzi 1,800. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu upepo huo, na mabishano hayo ni ya kawaida katika elimu. Lakini hakuna aliyebisha kwamba wazee wale walipata chuma, na ndani yake mlikuwa na pua. Schmidt alikuwa amekwisha kuchimba pia Katuruka, si mbali na Bukoba, na kukuta mabaki ya matanuri ya zaidi ya miaka elfu moja na mia tano.

Kwa hiyo mwaka uleule Wamarekani waliunda chama cha kufufua ufundi wa mababu zao, na wazee wetu wakaufufua wao wa kwao kwa kumbukumbu tu. Tofauti ni kwamba chama cha Wamarekani kikapata wanafunzi.

Basi nikajiuliza, na huku pwani je? Maana ninafua Mbezi Beach, si Bukoba wala Ugweno. Ukitoka kwangu kuelekea kaskazini unafika Kunduchi upesi. Pale pana magofu ya msikiti wa karne ya 15 au 16, na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa sahani na bakuli za kaure za Kichina. Watu wa pwani hii waliuza na kununua kutoka mbali tangu zamani sana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, kinataja bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu, na kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa huko kutoka Muza, bandari ya Arabuni ya kusini. Katika orodha hiyo mna mikuki, mashoka, visu na nyuzi za kutobolea, yaani sindano nene za mafundi. Naam, visu. Mtu angeweza kufunga kitabu hapo na kusema kwamba tangu awali sisi ni wa kununua.

Lakini ardhi nayo ina kitabu chake. Kusini mwa Dar es Salaam, mahali paitwapo Limbo, mtaalamu wetu Felix Chami alichimbua mabaki mengi ya kuyeyushia chuma, ya karne za mwanzo kabisa baada ya Kristo, karibu na wakati wa kile kitabu cha mabaharia. Na karne kumi na moja baadaye, mwaka 1154, al-Idrisi alipomwandikia mfalme Roger wa Sisilia kitabu chake cha jiografia, alieleza kwamba wakazi wa Malindi wanachimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma cha Sofala kinapelekwa India, ambako wahunzi wanakisifu. Hapo meli zinarudi zimebeba kinyume. Visu viliwahi kuja kutoka Arabuni, na chuma cha pwani ya Afrika Mashariki kikaja kwenda kufuliwa panga ng'ambo ya bahari.

Na kwetu Ugweno? Nilikipata kitabu cha Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, kilichochapishwa mwaka 1969, mwaka uleule aliofariki babu. Nilikisoma usiku mmoja bila kulala. Humo anaeleza, kutokana na masimulizi ya wazee, kwamba kabla ya ukoo wa Wasuya kushika utawala wa Ugweno, waliotawala walikuwa Washana. Wahunzi! Na hata baada ya kupinduliwa waliendelea kuhitajiwa, maana Wachaga hawakuwa na mawe wala mchanga wa chuma katika mlima wao, nao Wamasai walihitaji mikuki na sime, na chuma cha Ugweno kilifika kwa wote wawili. Masizi yale niliyotaniwa nayo shuleni yalikuwa masizi ya watawala. Ningejua hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, nani ajuaye.

Lakini nisijidanganye. Heshima ya mhunzi ilikuwa na upande wa pili. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi Uchagani, alichapisha mwaka 1912 makala kuhusu mhunzi na sanaa yake, na humo inaonekana jinsi watu walivyomheshimu na kumwogopa kwa pamoja, kwa sababu laana ya nyundo yake iliaminika kuua. Umasaini, wahunzi, yaani Ilkunono, walitengwa kabisa, hata kuoa kwao hawakuruhusiwa kuoa nje. Mahali pengi ufundi huu ulizungushiwa miiko: nani aingie kibandani, nani asiingie, nini kisisemwe. Miiko ililinda riziki ya ukoo. Lakini pia ilihakikisha kwamba ukoo ukiacha kazi, hakuna wa nje aliyejua chochote cha kuendeleza. Tulikuwa tumeweka akiba yetu yote katika chungu kimoja.

Kilichovunja chungu hicho kinajulikana. Majembe na visu vya viwanda vya Ulaya vilianza kuingia kwa wingi kupitia Unguja, halafu kwa reli za Wajerumani na baadaye kwa maduka ya wakati wa Waingereza. Hebu fikiri kazi ya kuyeyusha: kuchimba mawe au kuchekecha mchanga wa chuma mtoni, kukata miti na kuchoma makaa, kujenga tanuri, kuvukuta tangu alfajiri hadi jioni kwa zamu, na mwisho upate bonge linalotosha majembe machache. Na dukani jembe limening'inia. Ufipani, ambako matanuri yaliyoitwa malungu yalipita urefu wa mtu na kuvuta upepo yenyewe bila mivukuto, na Buhaya, na kwetu Upare, mioto ikazimika mmoja baada ya mwingine katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Babu alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto alibeba mchanga mweusi kutoka kijitoni kwa ajili ya tanuri la baba yake. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakuyeyusha hata mara moja.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Tunasema kwamba bidhaa za wageni ziliua uhunzi. Si kweli. Ziliua uyeyushaji. Mhunzi hakufa, alibadilisha tu machimbo. Badala ya mto na mlima akachimba reli, ekseli, springi, na majembe ya wageni yaliyolika. Jembe lililotoka Uingereza likichakaa, babu alilifua kisu, na kisu kikichakaa akakifua msumari. Baada ya Uhuru tulijenga kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, UFI, kwa msaada wa China, na majembe yake yalijulikana nchi nzima. Hata hivyo mtafiti wa Kidenmaki, Jens Müller, alipochapisha mwaka 1980 utafiti wake juu ya wahunzi wa vijijini Tanzania, alikuwa na wahunzi wa kuandika habari zao. Walikuwapo. Na miaka ile ya mwanzo ya 1980, wakati wa ukosefu wa bidhaa, sabuni ilipokuwa haipatikani na jembe likipatikana kwa kibali, ni wao waliowaokoa wakulima wengi. Nilikuwa ofisini wakati huo. Nilikuwa naandika kwenye leja upungufu wa majembe, na sikukumbuka hata siku moja kwamba mimi ni mjukuu wa mtu aliyekuwa anayafua.

Kwa hiyo swali la nani aliyeua ufundi wa kwetu lina majibu mawili. Tanuri la baba wa babu liliuawa na biashara ya dunia, na hakuna Mgweno ambaye angeweza kuizuia. Lakini kibanda cha babu hakikuuawa na Birmingham wala Sheffield. Kilikuwa kinafanya kazi, kina wateja, mwaka ule nilipomwambia nina masomo. Kile nilikizima mimi, kwa kuona haya. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mimi nilidhani natupa masizi, nikayatupa pamoja na macho ya babu, na sasa ninalipa nauli kwenda Gerezani kuyaomba kwa kijana ambaye ni rika la watoto wangu.

Simlaumu kila aliyekwenda shule. Shule ilinilisha na kunijengea nyumba hii. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na sababu ya kuchagua. Likizo ilikuwa na siku nyingi.

Leo nina kibanda changu cha giza kwenye kona ya ua, nyuma ya mpapai. Moto nimeuzungushia udongo wa kichuguu, kama wazee wa Buhaya. Makaa ninanunua gunia, springi ninapata kwa mafundi wa malori, na mipini ninatengeneza kwa vipande vya mpingo ambavyo wachonga vinyago wa Mwenge huvitupa. Baada ya kukipoza kisu kwenye mafuta ya alizeti ninakiingiza katika oveni ya mama watoto, nyuzi 200, kwa saa mbili, mpaka kipate rangi ya nyasi kavu. Kisu kilichopozwa kisha kisirudishwe motoni kidogo hivyo ni kigumu lakini hakina uvumilivu. Kikianguka sakafuni huvunjika. Mama watoto amekubali, kwa sharti kwamba siku ya keki sikaribii jikoni.

Nimekwisha kufua visu arobaini na vitatu. Kumi na vinne vilipasuka au kupinda. Vingine nimegawa kwa ndugu, na vitano niliwapa wavuvi wa Kunduchi ninaonunua kwao samaki, maana mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na hakuna wanaotumia kisu kwa bidii kuliko wao. Sikuwaambia nimevifua mimi. Baada ya miezi mitatu mmoja wao akaniambia, "Mzee, kile kisu chako kinashika kutu haraka, lakini kinanoleka. Hivi vya dukani havishiki kutu, ila havinoleki." Hiyo ndiyo sifa na kasoro ya pua ya springi, na ndivyo kilivyokuwa kisu cha babu nilichokiuza kwa sababu ya kutu.

Mwaka 2019 nilikwenda Ugweno pamoja na mjukuu wangu, yule wa simu. Wahunzi bado wapo huko, wachache, nao walitupokea vizuri. Kibanda cha babu hakipo. Pamekuwa migomba tu. Nilitaka kumwonyesha kijana mchanga mweusi, kwa hiyo tulishuka kijitoni na ile sumaku yangu ya spika. Tuliipitisha mchangani, ikatoka na ndevu nyeusi. Kijana akacheka kwa furaha. Kisha mzee mmoja wa ukoo akatupeleka mteremkoni, mahali ambapo jembe lake hugonga vitu vigumu. Akachimbua mabonge meusi, mazito, yenye matundu kama mkate. Ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki tanurini baada ya chuma kutoka. Pengine ni ya baba wa babu, pengine ni ya zamani zaidi. Hakuna anayejua.

Nilichukua bonge moja. Liko hapa mezani ninapoandika, na huzuia karatasi zisipeperushwe na upepo wa bahari. Wanunuzi wa vyuma chakavu bado hupita mtaani kwetu na mikokoteni yao. Siku moja mmoja wao alipokuwa getini mjukuu wangu alimwonyesha bonge hilo kwa utani. Akalishika, akalipima mkononi, akalirudisha.

"Hili halina kitu, kaka," akasema. "Chuma chake kilishatolewa."